Mama Agneta na Kihispania cha Beseni

Mama, mwaka umekwisha tangu utuache, na tangu siku hiyo hakuna aliyekagua kola zetu.

Kihispania ulikipata kwa masista Wahispania wa misheni, ulipokuwa ukiwafulia nguo kabla ya kwenda chuo cha ualimu. Ndiyo maana watoto wako wa darasa la pili pale Kombewa hawakujua kuuliza njia kwa Kihispania, lakini walijua foronya, wanga na pasi. Ulifundisha kwa beseni na kamba. Aliyetaja vazi sawasawa alilianika mwenyewe, na wote walitaka kuanika.

Mwaka wa 1994 mwalimu mkuu alichoka. "Mwalimu Agneta, hiki si cha mtihani. Ijumaa anakuja daktari Mhispania. Watoto wakinyamaza mbele yake, somo limekufa."

"Watasema, Bwana," ulijibu. Nyumbani ukatia chumvi kwenye chai badala ya sukari.

Ijumaa daktari alisimama mbele ya darasa, koti jeupe pe, akasalimu. Kimya. Akasalimu tena. Watoto arobaini wakatazama vidole vya miguu yao. Mwalimu mkuu akaanza kutabasamu.

Dirishani alikuwepo kitinda mimba wako Gordon, ambaye shule yake ya bweni ilikuwa imempumzisha wiki mbili kwa sababu zisizofaa tangazo la heshima kama hili. Alirusha konzi ya zambarau mbivu, akiulenga ubao. Zikatua kifuani mwa daktari, koti likajaa madoa.

"Agua fría!" akapiga kelele Dorca, mdogo kuliko wote. Maji baridi! Darasa likalipuka: sabuni, beseni, usisugue! Wakamvua daktari koti huku wakimkemea kwa Kihispania safi.

Daktari alicheka mpaka akakalia dawati. "Bibi yangu alinigombeza hivihivi nilipokuwa mtoto," akamwambia mwalimu mkuu. Somo likabaki.

Hukuuliza nani alirusha. Jioni ulimwekea Gordon lile koti na beseni, ukaketi kando yake.

"Mama, mimi siku..."

"Suuza, Baba. Suuza tena."

Asante hakusema. Anaisema hapa.

Siku ya mazishi yako, udongo wa kaburi ulichafua shati lake jeupe. Alikuwa amejikaza tangu asubuhi. Dorca akamvuta mkono, akanong'ona, "Agua fría." Hapo ndipo Gordon alipolia.

Tunaokukumbuka ni mumeo Mzee Dalmas, wanao Seline, Absalom na Gordon, dada yako Selpha, na darasa zima la pili.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Kola zetu ni safi.