Mtutu wa Baba

Hammerdal,
19 Oktoba 1978

Mpendwa dada Gunvor,

U hali gani huko Melbourne? Shemeji Desmond goti lake limepona? Sisi huku hatujambo, ila Shangazi Alfhild anakohoa na hataki hata kusikia habari ya daktari. Theluji ya kwanza ilianguka juzi, viazi tumeshavitoa shambani.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya aibu. Uliandika kwamba msimu ujao utakuja kukaa pale kinamasini Baba alipokuwa akivizia kulungu, na bunduki yake mkononi. Dada, bunduki ile nimeiharibu.

Unakumbuka mwaka jana nilimjeruhi kulungu, tukamfuata na mbwa mpaka jioni. Tangu siku ile kundi zima la wawindaji lilinicheka, Sixten akiwa mbele: “We Torsten, na hiyo sindano yako unampelekea kulungu chanjo?” Wenzangu wote wanapiga risasi nene, za milimita tisa na kitu. Mimi na sita na nusu ya Baba, vilevile alivyoinunua jeshi lilipouza bunduki zake za zamani. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nikaipeleka kwa fundi Valfrid abadilishe mtutu.

Mzee wa watu alinionya. “Hizi za jeshi hazikosei, kijana. Anayekosea yuko nyuma ya kitako.” Nikamwambia aweke wa tisa tu.

Barua yako ilifika bunduki ikiwa bado kwake, haijaguswa. Ningepiga simu ingetosha. Sikupiga, maana niliogopa kuchekwa tena, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwezi uliopita, nikiwa na mtutu mpya, kulungu alinipitia hatua arobaini tu, ametulia, ubavu wote wazi. Nikamkosa. Jioni tulikunywa kahawa motoni na hakuna aliyenitania, hata Sixten. Afadhali wangenitania.

Juzi nilipanga kabati la Baba. Nyuma ya soksi kuna kopo la tumbaku lenye risasi kumi na mbili za sita na nusu, alizojaza baruti mwenyewe, na karatasi yenye mwandiko wake wa mwisho, ule wa kutetemeka: “Za Gunvor, akirudi.” Haziingii kwenye mtutu mpya, nikakimbia kwa Valfrid kuulizia ule wa zamani. Alishaupeleka kwenye vyuma chakavu.

Majuto ni mjukuu, dada, na wangu ameshakuja kukaa. Nisamehe ukiweza. Njoo hata hivyo. Sixten ameleta sindano mlangoni kwangu, sita na nusu ya marehemu babake, ambayo miaka yote aliificha darini kwa kuogopa utani. Amesema ni ya kukuazima wewe, mimi nisiiguse.

Nisalimie shemeji na Ingalill mdogo. Shangazi na mke wangu Barbro wanakusalimu sana. Mungu akulinde njia nzima mpaka utakapofika mlangoni kwetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nikuombaye radhi,
Torsten

Kopo sijalifungua tena. Ni zako zote kumi na mbili.