Nimefukuzwa kwa Salamu, Si kwa Uvivu

Mama Saidi, mke wangu,

Assalaam aleikum. Mie mumeo nna miaka sitini na saba, nimeshawazika wote waliosema nitavunjika shingo mkarafuuni, basi baridi ya huku ughaibuni kwa Saidi haitaniua, usihofu. Na wewe je, u mzima? Goti limepoa? Yule mbuzi kazaa?

Naandika kwa mkono wangu, hati yangu ya chuo cha Kurani unaijua, kwa sababu simu ni ya Saidi, na nikizungumza hukaa pembeni akasikiliza. Najua mwanao keshakwambia baba kaachishwa kazi kwa uvivu. Mie! Mie niliyekuwa nikishuka mkarafuuni Mtambile, pishi zangu za karafuu zinawapita vijana, leo niitwe mvivu! Sikiliza ilivyokuwa.

Lile duka kubwa la mtandaoni lililoniajiri halina mlango wa mteja. Ni bohari tu, rafu mpaka macho yachoke. Unapewa mashine ya mkononi, inakwambia nenda kule chukua sabuni, nenda kule chukua viatu. Ukisimama kidogo, inaandika umesimama. Siku ya kwanza nikamwamkia kila niliyempita, kama mtu yeyote aliyelelewa. Wakadhani nataka kitu. Msichana mmoja akanionyesha njia ya chooni.

Aliyenijibu ni mmoja, Mzee Idris, Msudani, mtu mzima kama mie. Masikio yake mazito, basi salamu yake huwezi kuitupa ukipita. Lazima usimame, umpe mkono. Tukisemezana kwa Kiarabu cha msikitini na Kiingereza cha kuokoteza.

"Mzee wa karafuu, umeamkaje?"

"Alhamdulillahi. Na wajukuu?"

"Wazima. Na mama wa nyumbani?"

Mama wa nyumbani ndiwe wewe. Kila siku akikuulizia.

Msimamizi, kijana mdogo kuliko Saidi, akaniita kwenye kompyuta yake. "Hapa umesimama. Na hapa umesimama tena."

"Hapo nilikuwa namwamkia mtu."

"Mwamkie wakati wa mapumziko."

"Mapumziko yake na yangu hayakutani."

"Ndivyo mashine ilivyopanga, mzee."

Akanipa karatasi nitie saini kwamba sitasimama tena. Nikamwambia, mie kumpita mtu mzima kimya kama punda, hilo hunipati. Wakaniachisha. Idris naye walimpa karatasi, akatia saini; analea mayatima wa mwanawe, simlaumu. Siku yangu ya mwisho nilimpa mkono. Aliitazama mashine kwanza, ndipo akanipa wake.

Baadaye watu wa chama cha wafanyakazi wakasimama getini na mabango, waandishi wa magazeti wakaja. Wanasema mashine inafukuza watu, wengine huogopa hata kwenda haja. Nilisimama nao mvuani, na hakuna aliyenishinda kwa kelele. Lakini tulipotawanyika kila mtu kaenda kwake.

Sasa nashinda ndani. Maduka ya mtaani yamefungwa, wenyewe wanasema lile duka kubwa limeyaua, basi hata pa kwenda kuuliza bei hapana. Mchana hupita dereva wa vifurushi. Nasikia hatua, nakimbilia mlango nimkaribishe. Nakuta boksi, yeye keshaingia garini. Naye ana mashine.

Saidi ataka nikaombe msamaha, nitie saini. Sitii. Ukisema nirudi, Mama Saidi, nitarudi. Ila nisirudi nikiwa mvivu. Waambie watu kwanza kuwa nimefukuzwa kwa salamu, ndipo uniite.

Nisalimie dada yangu wa Chokocho na mwalimu wa chuo. Na yule dereva wa gari la Kengeja, anayesimamisha gari zima na abiria wake ili amuulize mtu hali ya mamake. Nilikuwa nikimtukana kwa kutuchelewesha. Yeye mpe salamu zangu mara mbili.

Atakayesema mie mwongo, shahidi wangu ni Mzee Idris. Ila asimuulize saa za kazi, atamponza.

Mumeo,
Baba Saidi