Wanyelu Wakihama

Jumapili, 4 Agosti 1974

Nimetoka Kipalapala, seminarini. Padri Hilari kasoma sura za mwanzo za riwaya yangu. 

Anawafundisha waseminari anthropolojia, na hadithi haisomi kama sisi wengine. Akaniambia Wanyelu wangu wana mfalme, wana vita, wana mungu wa mto, lakini hawana wakwe. Hakuna anayemwonea mwenzake haya. Nani ananawa kwanza? Nani anaosha maiti? Mtoto akizaliwa, jina linatoka upande gani?



"Umewajengea ikulu, Mwalimu," akasema. "Jiko je?"

Nimerudi na vumbi na uchungu. Mama kauliza kwa nini nahangaika na watu wasiokuwepo, na wenzetu waliopo wanajaa barazani kila jioni kunywa kahawa. Nikamwambia hao nikiwaandika watajijua. Akacheka kidogo, akarudi kwenye kanzu anayoidarizi.

Jumatano, 7 Agosti

Nimetupa sura nzima. Afadhali.

Padri anasema mila ina kazi. Ukiitoa, lazima kitu kianguke. Kisipoanguka kitu, hilo ni pambo tu. Basi nimejaribu: huko Unyelu mume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Hiyo ipo hata huku. Kwa hiyo kila nyumba ya Wanyelu ina milango miwili. Kwa hiyo fundi milango ni mtu mkubwa kuliko mwamuzi. Kwa hiyo mwenye mlango mmoja, asiye na mkwe, ni yatima. Moja inavuta nyingine! Nimeandika mpaka chai ikapoa.

Shule imefungwa. Jumamosi naenda ng'ambo ya Usoke, kwa Bibi Leonia, mjane anayejuana na Padri. Nikasikilize tu, kasema. Nisiulize kama karani wa sensa.

Jumamosi, 10 Agosti

Treni hadi Usoke, kisha baiskeli ya katekista, mimi nyuma. Tumbaku imeshavunwa, mashamba matupu.

Bibi Leonia ni mwembamba, ana sauti ndogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikalisha mkekani, akaendelea kuchambua karanga. Tukachambua wote. Sikuuliza kitu.

Mwenyewe akaanza. Nyumba zote za pale zinahama. Katibu wa kata amekuja mara mbili, mtu mpole, akaeleza habari ya kijiji kipya kando ya barabara: bomba la maji, shule, zahanati. Bibi hapingi. Wajukuu wapate shule, anasema. Lakini mumewe, Silasi, amelala pale nyuma ya ghala. Binti yao Veneranda amelala pembeni yake. Wao hakuna aliyewaeleza.

Alisema hivyo na mikono haikusimama. Mimi yangu ilisimama.

Jumanne, 13 Agosti

Wanyelu wanahama. Sikupanga. Imekuja.

Mto wao umekauka, wanaondoka. Na wafu? Nimekaa na swali hilo siku nzima. Hatimaye: mkubwa wa nyumba anakata tawi, analilaza juu ya kaburi, anamwita marehemu kwa jina la utotoni. Kisha analikokota tawi hilo njia nzima mpaka kizingiti kipya. Marehemu anaufuata mfuo, ule mstari unaochorwa na tawi vumbini. Tawi likiinuliwa, mfuo unakatika, naye anabaki porini.

Nikafanya kama alivyonifundisha Padri – nikaitoa mila hiyo nione. Wanyelu wakakataa kuhama. Wote. Wakakaa palepale wafe na kiu. Basi ina kazi.

Hii ndiyo sura yangu nzuri kuliko zote.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimekwenda kumsomea Bibi Leonia. Nilitaka kujua kama inaaminika. Ni hilo tu nililotaka, Mungu ananijua.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza watu hawa wanakaa wapi, upande wa Nzega? Nikamwambia hawapo, Bibi. Nimewatunga.

"Wote?"

"Wote."

Akafikiri. "Lakini waliondoka na watu wao," akasema.

Akaniomba nirudie ile sehemu ya tawi. Nikarudia. Jirani mmoja akaja kusimama mlangoni, kisha mwingine. Nikairudia tena.

Jumatano, 21 Agosti

Padri Hilari kaja hapa nyumbani, jambo ambalo halijapata kutokea. Mama kampa kahawa na halua.

Katekista kamletea habari. Kule ng'ambo ya Usoke watu wanakata matawi. Wanasema mila hiyo ilikuwepo zamani, imesahaulika, mwalimu mmoja wa Tabora ameikuta vitabuni. Mzee mmoja hata anakumbuka babu yake akikokota.

Nikasema nitakwenda kuwaambia ukweli.

"Wamekwisha kuambiwa," akasema. "Leonia mwenyewe amewaambia. Hawataki."

Hakuwa na hasira. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alisema yeye amesomea namna ya kuzieleza mila za watu, na hajawahi kuiona mila siku inazaliwa, na anaogopa. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema siku mila hiyo itakaposhindwa kubeba walichoitwisha, watakuja kuniuliza mimi.

Mama baada ya yeye kuondoka: "Semeni mwanangu, hao watu wako sasa wapo."

Ijumaa, 23 Agosti

Nimefika Usoke. Kesho wanahama. Nimemwambia Bibi Leonia uso kwa uso kwamba ni maneno yangu tu, niliyatunga kwenye meza ya kulia chakula. Akasema anajua. Akauliza Veneranda aitwe kwa jina gani la utotoni, kwa maana alikufa kabla ya ubatizo, na hilo la Veneranda walimpa kaburini.

Sikuweza kusema tena kwamba ni uongo.

Nikamuuliza yeye alikuwa akimwitaje. Akaninong'oneza. Sitaliandika hapa.

Jumamosi, 24 Agosti, njiani

Naandika nimeketi kwenye kokoto za reli.

Tumetoka asubuhi. Vyombo na wagonjwa kwenye lori, wengine kwa miguu. Katibu alitazama matawi, akatazama nyuso, akasema tu tusichelewe. Bibi Leonia ana mawili, moja kila mkono. Amekataa kupokewa. Nyuma yetu njia nzima imechorwa, kama shamba lililopigwa reki. Hakuna anayeimba. Matawi tu, na vumbi.

Sasa treni ya mizigo imesimama, imeziba kivuko. Imeharibika – mwisho wake hauonekani, huku wala huku. Lori lilishavuka, lipo ng'ambo na watoto. Katibu anasema tupite chini ya behewa, mmoja mmoja, na matawi yapitishwe juu, kwenye maungio ya mabehewa. Chini hayapiti. Mapana mno, na juu ni kuyainua.

Watu wamesimama na matawi yao yamegusa ardhi. Jua kali. Ng'ambo mtoto analia, anamwita mama yake.

Mzee yule anayemkumbuka babu yake haangalii mtu. Wengine wote wananitazama mimi. Sikuandika habari ya reli. Unyelu hakuna reli.

Bibi Leonia amenigeukia, mikono yote miwili imeshika.

"Mwalimu," anasema, "wenzetu hufanyaje hapa?"