Ruta ya Sebuleni na Vidonge vya Baba

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Kaka mpendwa,

Hujambo huko uliko? Wifi na wanao pacha wazima? Bega lako limepoa, au bado unabeba mizigo kama kijana? Sisi tupo. Mimi nimechoka tu, kaka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha.

Nilikuambia kwa simu kwamba Baba alianguka bafuni. Sikukuambia kwa nini. Alikuwa ameacha vidonge vya presha. Kuna bwana mmoja mtandaoni anajiita Tabibu wa Kweli. Hospitali hana, ana koti jeupe na unga wa mitishamba wa kuuza. Kila asubuhi alimwambia Baba kwamba vidonge vinaozesha figo, na Baba akamsikiliza kuliko sisi. Vidonge vyenyewe nilivikuta ndani ya viatu vyake vya kazi.

Baba alipotoka wodini nikaamua kumfungia bwana yule njia. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta ya sebuleni, kile kisanduku cha intaneti, pale pa kuzuia tovuti, nikaandika neno "tiba" nikidhani nimemaliza kazi. Kumbe ruta haichagui. Kila chenye neno hilo kikakwama, hata masomo ya uuguzi ya binti yangu. Akanijia amenuna: "Mama, umefunga chuo." Nikafuta, nikaandika anwani kamili ya tovuti, nikahifadhi. Haikupita wiki, Tabibu akatokea kwa anwani nyingine. Nikaifunga nayo, akaja na nyingine. Ni kama kudeki huku mtu anapita na matope.

Baba naye hakutulia. Mara azime ruta, mara aiwashe, mara aipanguse vumbi. Si unamjua, dereva wa malori chombo kikigoma lazima afunue boneti. Mwishowe akaja kuketi karibu nami nikikunja nguo.

"Mwanangu, mtandao unafungua kila kitu isipokuwa yule tabibu. Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba."

Nilingoja anifokee. Akachukua shati, akalikunja vibaya, akaliweka.

"Mama yenu hakuruka kidonge cha presha hata siku moja, na bado tulimzika," akasema. "Mimi ndiye niliyemshikia glasi."

Kaka, niliacha kukunja nguo. Muda wote huo tulimwona mkaidi tu.

Kesho yake nikampeleka kliniki, nikamwomba daktari aliyemtibu Mama amjibu hilo kwanza. Daktari akasogeza kiti, akamweleza taratibu kwamba ugonjwa wa Mama ulikuwa mwingine, uligunduliwa umeshaenea, na vidonge vile havikumdhuru. Baba alijifuta uso kwa kofia. Hakusema ameamini. Ila sasa anameza vyake kila asubuhi, amenikazia macho kana kwamba namlisha shubiri.

Tovuti bado nimezifunga, naye anajua. Hajaniomba nizifungue.

Nina ombi moja. Mpigie. Habari za vidonge niachie mimi. Muulize habari za Mama, zile siku za mwisho, kisha umwache aseme. Mimi nilijaribu jana, nikaishia kumuuliza kama atakunywa chai.

Nisalimie wifi, pacha wote wawili, na mjomba fundi saa ukimwona. Baba na binti yangu wanakusalimu. Mungu akulinde kazini na akurudishe kwetu mzima.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye hata akiwa hoi,
Kitindamimba