Kaka Yangu Amemwita Baba Marehemu Jukwaani

Mpendwa Mshauri Wakonyo, naomba msaada wako. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, niko likizoni, baba yetu anafanya kazi katika kiwanda cha chai upande wa Konoin, na kaka yangu, ambaye nitamwita Oyaro, huimba na kupiga gitaa katika bendi ya roki ambayo mwaka huu ilizunguka Nakuru, Eldoret na Kisumu, na sasa wameanza kutoa rekodi za maonyesho hayo jinsi yalivyokuwa, pamoja na makofi na maneno yote ya jukwaani. Baba hajawahi kufika kwenye onyesho hata moja kwa sababu ya zamu, kwa hivyo alifurahi sana, akaalika wenzake wa kiwandani waje kwetu Jumapili ya mwisho wa mwezi, akaazima spika ya kanisa, kisha akanituma Kapkatet nimtilie rekodi ya Nakuru kwenye flashi.

Nikiwa pale saiba, kwenye duka la intaneti, nilijaribu kusikiliza kidogo, na kabla ya wimbo wa nne nikamsikia Oyaro akisema, "Huu ni wa marehemu baba yangu. Alikufa mikono ikinuka chai, hakuwahi kunisikia nikiimba." Mama mmoja akapaza sauti, "Pole, mwanangu!" Mshauri, nilishtuka hadi mwenye saiba akaniuliza kama nimefiwa, ilhali asubuhi hiyo mimi na Mama tulikuwa tumemwandalia Baba uji.

Nilimpigia Oyaro. Alicheka.

"Wee mtoto, hayo ni ya jukwaani tu. Watu wakilia, wimbo unashika."

"Na Baba?"

"Mzee husikiliza gitaa, hasikilizi maneno."

Lakini Baba husikiliza kila neno. Rafiki yangu Alexander anasema anaweza kukikata kipande hicho na mtu asijue. Kila jioni Baba anauliza kama flashi iko tayari. Bado natumaini Oyaro hakukusudia ubaya. Je, tukikate?

Mwenye hofu, Konoin

Binti yangu, pole. Nimeshtuka pamoja nawe. Kumzika mzee wa watu akiwa zamuni, ili wageni wa Nakuru watoe machozi! Na wewe nikukemee kidogo: jioni zote hizo umekuwa ukimjibu nini baba yako?

Msikate kitu. Rekodi hiyo bila shaka imo tayari katika simu za vijana wa kiwandani, na mmoja wao atamwita baba yako "marehemu" kwa mzaha pale getini.

Mpigie kaka yako leo. Akicheka, kata simu, umpigie tena. Mwambie aje mwenyewe, asitume ujumbe, aketi mbele ya baba yake arudie alichosema, tena aje na gitaa amwimbie. Mpe hadi Alhamisi. Asipofika, mwambie mama yako kwanza, kisha nyinyi wawili mwambieni baba baada ya chakula.

Ataumia. Huenda akairudisha spika na kuwazuia wageni. Mwache. Heri aumie nyumbani kwake, mkewe akiwa karibu, kuliko mbele ya wenzake. Ukimaliza kusema, mpe flashi ikiwa nzima, aamue mwenyewe kama ataisikiliza.