Mikate ya Kambini

Zaandam, 9 Machi 1986

Mdogo wangu Geeske,

Watu wengi hukosea wakidhani kwamba chama kidogo huuawa na vyama vikubwa. Nitakueleza kilichokiua chetu, lakini kwanza pokea salamu zangu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto limekataa baiskeli. Natumaini yale mafua yamekuachia. Habari za shemeji yangu Wubbo zimenitia simanzi. Umeandika kwamba daktari hana matumaini tena na moyo wake, na kwamba kila asubuhi mumeo bado anakuomba radhi kwa ajili ya ile mikate. Miaka kumi na minane! Nilishindwa kumaliza kahawa yangu.

Unakumbuka tulivyoanza: watu ishirini na mmoja juu ya duka la baiskeli, na supu ya njegere. Tulitaka jeshi livunjwe na viwanda viwe mali ya wafanyakazi, tukajiita Silaha Chini. Baada ya miaka sita tulikuwa na viti vinne bungeni, na tusidanganyane, vitatu ulituletea wewe. Ulisimama langoni mwa kiwanda cha kakao ukawauliza wale wanawake, “Dada zangu, waziri amenunua ndege za kivita, nani kati yenu ameshapanda moja kwenda sokoni?” Wakacheka, wakatupigia kura. Sisi wengine tulisoma hotuba za kurasa kumi na tisa mpaka mlinzi wa ukumbi akakoroma.

Kisha wasomi wetu wakagundua kwamba kupendwa na watu ni dalili ya uchafu. Ikatungwa kanuni: mwanachama na watu wa nyumbani mwake wasifaidike na jeshi kwa njia yoyote. Mwaka 1968, orodha ya wagombea ilipokuwa tayari, wewe wa kwanza na mimi wa tano, ikaja barua isiyo na jina. Ilisema kwamba mumeo, mwokaji, anapeleka mikate kwenye kambi ya jeshi.

Jumamosi saba, Geeske, watu wazima wenye shahada walijadili kama mkate ni silaha. Mwenyekiti Tjalling alitaka kujua kama mkate wa shayiri una hatia sawa na wa ngano. Sietske, karani wetu, akauliza, “Na mwalimu anayefundisha watoto wa askari, naye tumfukuze?” Mimi, mwalimu, niliikazia macho biskuti yangu, na swali likafia hapo hapo.

Jumamosi ya mwisho Wubbo alikuja na unga mabegani. Akasema kutoka nyuma, “Jamani, vijana wenyewe wana miaka kumi na tisa, wanapenda mkate wenye zabibu. Mke wangu amekosa nini?” Tjalling akampigia kengele: “Mwokaji, wewe si mwanachama. Kaa chini!” Wubbo akajibu, “Basi kuanzia kesho hawapati hata ganda. Ila mwacheni mke wangu.” Alitimiza neno lake. Tulikufuta hata hivyo, kwa tofauti ya kura tatu. Kwa kuwa nusu ya mikate yake ilikuwa ya kambi, tanuri lake lilizimwa kabla ya mwaka kwisha.

Tulipokwisha kukutafuna wewe, hamu haikutulia. Tukamfukuza dereva wa treni aliyewahi kuwabeba wanajeshi, kisha daktari aliyemtibu kanali. Kila aliyetoka tulimwita msaliti, na kila aliyebaki alijiona msafi zaidi kwa kuwa tumepungua. Mwezi uliopita tulikuwa watano. Tukagombana kama Tjalling anaruhusiwa kufuga mbwa anayebwekea wezi, kwa kuwa mbwa wa namna hiyo ni jeshi dogo. Watatu wakakataa, wawili wakaondoka wakibamiza mlango, na kwa kuwa watatu hawatoshi kuwa chama, chama kikafa bila adui yeyote kukigusa.

Sasa nifike mahali ninapopakwepa tangu mstari wa kwanza. Ile barua isiyo na jina niliiandika mimi. Nilikuja kwenu Pasaka, nikayaona makreti yenye jina la kambi yakipakiwa. Wubbo akaniwekea mkate wa zabibu mfukoni nile njiani. Niliiandika ndani ya treni, kwa mkono wa kushoto, huku nautafuna mkate wake. Kanuni sikuijali. Nilijua tu kwamba wewe ukitoka, mimi wa tano nitakuwa wa nne, na kwa viti vyetu vinne, wa nne huingia bungeni. Bila wewe tulipata viti viwili. Nilikuuza kwa kiti ambacho hakikuwepo.

Kwa hiyo si mikate iliyokunyima bunge, na Wubbo hana la kuombea radhi. Angekuwa anauza maua, ningeandika juu ya maua. Sikuombi unisamehe wala unijibu.

Wasalimie wanao, na jirani yako Fenna aliyenitumia dawa ya goti. Wubbo sina uso wa kumtumia salamu. Msomee barua hii leo, yote, wala usiruke mstari wowote.

Kaka yako,
Hidde