Mwanangu Huiuliza Mashine Kama Mimi Mzima

Shangazi wa gazeti, salamu nyingi. Najua wengi wanaokuandikia ni vijana walioachwa na wapenzi wao, na mimi ni mwanamke mtu mzima, mjane, fundi cherehani mwenye wajukuu, na huenda kwa umri wewe ndiye wa kuniamkia, lakini shida haibishi hodi na nimekosa mtu wa kumweleza jambo hili bila kuchekwa, kwa hiyo nivumilie, unisikilize, kisha unisaidie.

Nina mtoto mmoja tu, wa kiume, na sitaki umfikirie vibaya kwa haya nitakayosema, maana ni mtoto mwema, hana ulevi, mkewe ananiheshimu, na kazi yake ni ya maana, anafanya katika hospitali kubwa, kwenye kile chumba cha kompyuta, yeye ndiye anayehakikisha mashine zote za hospitali zinaongea. Anakaa upande wa pili wa mji, mabasi mawili kutoka kwangu. Baba yake alipofariki aliniletea kisanduku cha intaneti, chenye taa ndogo za kijani, akakiweka juu ya kabati la vyombo ili niwe naona sura za wajukuu kwenye simu, nami nikashukuru. Wakati huo alikuwa akinipigia kila jioni akitoka kazini, "Mama, umeshindaje? Mgongo?" na mimi namweleza mgongo, na wateja, na nani kaja kudai gauni lake kabla sijalikata, na yeye anacheka. Kisha simu zikaanza kupungua, zikawa za kubahatisha, na nikilalamika ananijibu, "Lakini mama, mbona najua uko salama?" Nikawa najiuliza, anajuaje, ameoteshwa?

Jibu nililipata siku niliyokwenda hospitalini kwao kupimwa macho. Foleni ilikuwa ndefu, akaniambia nisubiri ofisini kwake, akaniletea kiti. Mbele yangu kulikuwa na kioo cha kompyuta, maandishi yanashuka mstari baada ya mstari, nikavaa miwani nisome: maabara, ipo, famasi, ipo, mapokezi, ipo, chumba cha maiti, ipo, na chini ya chumba cha maiti, Shangazi, pameandikwa: mama, ipo.

Nikamwuliza, "Baba, hii nini?"

Akasema kwa furaha, kama mtoto anayeonyesha mchoro wake, "Hiyo ni skripti, mama. Ni maagizo machache nimeyaandika, kompyuta inayafuata yenyewe. Inaita kila mashine kwenye mtandao kwa namba yake, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Ikiitika, inaandika ipo. Ikinyamaza, inaandika haipo, na mimi napata ujumbe hapa kwenye simu."

"Na mimi niliitwa lini nikaitika?"

"Siyo wewe, mama, ni kisanduku chako cha kabatini. Nimekiongeza mwisho. Kikiitika najua umeme upo, nyumba ipo, kila kitu sawa."

Nimezaa mtu, nimemsomesha kwa sindano na uzi, leo mimi ni "ipo", siyo hata "yupo", nimepangwa chini ya maiti. Nikaona nikisema nitaonekana mzee mwenye kununa, nikasema "hongera, mwanangu", nikaenda kupimwa macho.

Lakini jambo likishaingia moyoni halitoki. Nikirudi nyumbani nakitazama kile kisanduku kinavyopepesa taa, naona kama kinanijibia. Mgongo unauma, kinasema ipo. Nimekaa siku nzima sijafungua kinywa kuzungumza na binadamu, kinasema ipo. Halafu rafiki yangu tuliyepakana naye ukuta, ambaye tulikuwa tunapeana naye chumvi na habari, akachukuliwa na binti yake, nyumba yake ikafungwa, na ukimya ukanizidi. Basi siku moja niliamka, nikapika chakula cha watu wawili, nikavaa gauni langu zuri, nikachomoa waya wa kisanduku, nikazima na simu, nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa kitini na kikombe cha chai. Sikuwa na hasira, Shangazi. Nilitaka tu kuona.

Nimeona. Mvua ilikuwa inanyesha, na hata hamu ya chai haijanitoka nikasikia pikipiki inafunga breki nje, na sauti, "Mama! Mama, fungua!" na kabla sijasimama mlango ukapigwa bega, komeo likang'oka na misumari yake, mwanangu huyo sebuleni, ameloa, kitambulisho cha kazi kimening'inia mgongoni badala ya kifuani, akanishika mabega. "Umeanguka? Unaumwa? Mbona hupatikani?" Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikasema uongo. Nikasema kisanduku kimejizima chenyewe, simu imeisha chaji, nami nilikuwa nimesinzia. Akakaa chini sakafuni na maji yake, akacheka, na kicheko chenyewe kikawa kama kilio.

Nikuambie ukweli, ile ndiyo siku nzuri kuliko zote tangu baba yake afariki. Alikula mpaka akalegeza mkanda. Alirudishia komeo, akanibadilishia mkanda wa cherehani, tukamsema marehemu na kofia zake mpaka machozi ya kucheka yakatutoka. Alipoondoka aliniacha mwepesi kama msichana.

Kisha mkewe akanipigia. "Mama, usimwambie kama nimekuambia, lakini siku ile aliyokuja kwako, mtandao wa maabara ulikatika, na hakuwepo wa kuurudisha. Wagonjwa walikaa hadi jioni wakisubiri majibu. Amepewa barua ya onyo." Nikahisi dunia inaniinamia. Mwanangu mwenyewe hajanilaumu hata kwa neno. Ameamini kisanduku ni kibovu, ameniletea kingine chenye betri yake, hata ukichomoa waya hakizimi, na juzi ananiambia anataka kuja kufunga kamera sebuleni ili "awe na amani".

Sasa nifanyeje? Nikimwambia ukweli, siku nitakayoanguka kweli si atasema mama anacheza tena? Nisipomwambia, nitakaa natazamwa na kamera kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe. Na lililo baya zaidi, Shangazi, na hili silisemi kwa mtu mwingine, kile kisanduku kipya nimeshakigeuza nikaona betri inakaa wapi. Mkono unaniwasha. Ni kosa mama kutaka kuulizwa hali kwa sauti ya mtu?

Mimi, fundi cherehani mpweke.

SHANGAZI ANAJIBU

Mama, shikamoo. Nimekuamkia kwanza, kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza.

Swali lako la mwisho ndilo jepesi. Hapana, si kosa. Mtu hatosheki na kujulikana kwamba yupo, anataka kuulizwa. Mwanao amechanganya kuwa na habari zako na kuzungumza na wewe, na hilo ni lake, nitalifikia. Lakini weka kile kisanduku chini, mama! Funga kifuniko cha betri, nenda kashone.

Ulichofanya siku ile hakikuwa kuona. Kilikuwa kumtisha mtu anayekupenda ili upime kama anakupenda. Na pale maabara, wakati nyinyi mnacheka kofia za marehemu, kuna mama mwingine alikuwa amekaa kwenye benchi na pamba mkononi, anasubiri kuambiwa kama ni mzima. Yeye hakuwa na hatia ya upweke wako. Sisemi ulijua, najua hukujua. Ila sasa unajua, na ukigusa betri ile utakuwa umefanya kwa makusudi.

Hapa ofisini kwetu yuko kijana wa mitambo, nikamsomea barua yako bila kukutaja. Aliguna. Akasema, "Shangazi, mashine kuitika maana yake ni moja tu, kwamba imeitika. Na kuna mashine nzima kabisa, zinafanya kazi vizuri, ila zimepangwa zisijibu zikiitwa. Ukizisoma kwa haraka utasema zimekufa." Nikamwambia, hata watu wako hivyo. Mwanao ni fundi, hili analijua kazini kuliko sisi wote, alilisahau alipofika kwa mama yake. Kijana, kama gazeti hili limekufikia, huyo si mtambo wa kuangaliwa kama unawaka. Ana mgongo unaouma, na ana wateja wasumbufu, na anataka kukuhadithia.

Lakini mama, nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja, sikukiona. Wewe ulimpigia lini? Umeandika alivyokuwa akipiga, simu zilivyopungua, ulivyolalamika, ulivyochomoa waya. Sijaona mahali ulipochukua simu ukasema, "Mwanangu, nimekukumbuka." Ulikaa unasubiri kuitwa, na ulipochoka kusubiri ukajifanya maiti. Simu unayo. Vidole vinavyotunga uzi kwenye sindano haviwezi kubonyeza jina la mtoto?

Basi fanya hivi. Mwite aje kabla hajanunua hiyo kamera, na mwambie ana kwa ana, siyo kwa simu na siyo kupitia mkewe. Usianze na machozi, maana ukilia yeye atakubembeleza na ukweli utazama. Sema hivi tu: "Nilichomoa mimi. Nilikuwa mpweke. Nilikosea." Kisha nyamaza, umwache akasirike, ana haki. Habari ya onyo usiitaje kama hajakuambia yeye, umwachie mkewe siri yake. Na usiende kwa mkubwa wake wa kazi kumwombea, yule si mwalimu wa darasa la kwanza.

Kamera ikatae kwa heshima, ile ni sebule yako. Kisanduku kiache, kina kazi yake, kitamwambia umeme umekatika. Ufunguo mmoja mpe jirani unayemwamini, na hilo komeo la kujifungia mchana uliache, ili siku ukianguka kweli watu waingie bila kuvunja. Unaogopa kwamba hatakuamini tena. Atakuamini, ukianza wewe kusema kweli hata siku isiyo na shida.

MAMA AMERUDI KWETU

Shangazi alipokea ujumbe huu baada ya majuma kadhaa, na kwa ruhusa ya mwenyewe tunauchapa ulivyo.

Shangazi, umenigombeza, na nimekubali. Nilimwita akaja. Nilisema yale maneno kama ulivyonipa, ingawa la kati nililisema nikitazama sakafu. Mwanangu hakupiga kelele, ingekuwa nafuu angepiga. Alisimama dirishani akanipa mgongo muda mrefu, kisha akasema, "Mama, unajua nilikuwa nafikiri nini juu ya ile pikipiki? Nilikuwa nafikiri nitakuvika nguo gani."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Siku baba yake alipofariki, mimi nilikuwa chumbani na marehemu, sikusikia simu, na mwanangu aliipiga ikaita na kuita, na hapo ndipo alipojua. Tangu siku ile, kila akinipigia, kabla sijapokea moyo wake unasimama. "Mashine isipojibu, mama, nina cha kufanya, naangalia waya, naangalia umeme. Wewe usipojibu sina cha kufanya." Ndiyo maana akaacha kupiga, akaandika ile skripti yake. Nami miaka yote hii nilidhani amenichoka.

Aliondoka bila kula. Hakupiga siku ile, wala zilizofuata. Kamera hakuleta. Nilitaka kukuandikia kwamba ushauri wako umeniharibia mtoto, lakini nikakumbuka ulivyoniuliza kama sina vidole. Nikaacha gauni la mteja chini ya sindano, mchana, saa ya kazi, nikampigia mimi. Ilivyoanza kuita nikaelewa anachokisema kuhusu moyo.

Akapokea. Nyuma yake nilisikia watu wengi na mashine zinalia. "Mama? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema. "Nimekukumbuka tu."

"Mama, nina kazi nyingi hapa, nina nyaya mikononi."

"Basi, baba, nisikusumbue, nitakupigia jioni."

"Hapana," akasema. "Ngoja nikuweke mezani, nafunga hizi nyaya. Usikate."